Tangi Dogo la Matumbawe Jijini Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Bahari iko mbali. Inawezekana kweli kufuga matumbawe huku?

Inawezekana, na kwa miaka mingi. Tumbawe halijui kama liko Kigamboni au Kirumba. Linachojua ni chumvi, joto, mwanga na mwendo wa maji. Tofauti yetu na mtu wa pwani ni kwamba yeye akiishiwa maji ya bahari anaweza kuyafuata na madumu, sisi tuko zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Maji ya bahari tunayatengeneza nyumbani, kila wiki, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana anayeniuliza bei ya samaki kabla hajajua atapata wapi maji safi, huwa namwambia asinunue chochote kwanza.

Tangi liwe na ukubwa gani?

Lita 100 hivi ndiyo saizi ninayopendekeza kwa anayeanza. Watu hudhani tangi dogo ni rahisi zaidi, kumbe ni kinyume. Kwenye lita 30, samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe usiku, asubuhi maji yameshaharibika. Kwenye lita 100 unapata muda wa kugundua na kurekebisha.

Fundi vioo mzuri anaweza kukuundia. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, maana ile ya bafuni huwa nayo na ni sumu kwa viumbe. Na usiliweke juu ya kabati la televisheni. Maji, mawe, mchanga na kioo kwa pamoja vinakaribia kilo 150, na sakafu ikiwa na mwinamo kioo ndicho kitakachoumia.

Ziwa lipo mlangoni. Kwa nini nisichote maji nikatia chumvi?

Hili ndilo swali la kila mtu hapa, na jibu ni hapana.

Maji ya ziwa ni maji baridi yenye madini machache, hilo peke yake lisingekuwa tatizo. Tatizo ni mbolea. Naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani, kwenye mito na kwenye makazi huingia ziwani, na ndizo zinazofanya maji ya ghubani yageuke kijani kibichi. Ukiyaingiza kwenye tangi lenye taa kali saa tisa kwa siku, utavuna mwani, hutavuna matumbawe. Ongeza na hili: maji ya kando ya ziwa yana vimelea vya kichocho, na wewe utakuwa unatumbukiza mikono kila siku.

Maji ya bomba yametoka ziwani humo humo, ila yamesafishwa na kutiwa klorini. Klorini huua bakteria wanaolilinda tangi, na mbolea iliyoyeyuka haiondoki kwa kuyaanika kwenye ndoo. Kwa hiyo unahitaji mashine ya RO (inayosukuma maji kupitia utando mwembamba na kuacha uchafu nyuma) yenye kichujio cha mwisho cha kuondoa ayoni, yaani chembe za madini zilizobaki, pamoja na kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini. Namba unayoitaka ni sifuri. Ikianza kupanda, badilisha kichujio hicho siku hiyo, usingoje mwisho wa mwezi.

Mashine hizi hutupa maji mengi, mara nyingi lita tatu au nne kwa kila lita moja safi. Usiyamwage. Yanafulia, yanadeki, yanamwagilia mchicha.

Maji ya mvua? Kama paa lako ni la bati, sahau. Bati limepakwa zinki, na zinki huua konokono na uduvi. Maji ya chupa ya dukani huwa yana madini, na kwa bei yake hutafika mwaka wa pili. Wanaouza maji ya RO kwa madumu mtaani wanaweza kukufaa, lakini nenda na kipimo chako cha TDS mfukoni na upime mbele yao.

Chumvi ya kupikia, au ile ya Uvinza, haiwezi kutumika?

Haiwezi. Katika chumvi yote iliyoyeyuka baharini, sodiamu na kloridi huchukua takribani asilimia 85 ya uzito. Zilizobaki ndizo zinazojenga mifupa ya matumbawe: magnesiamu, kalsiamu, bikaboneti na nyingine nyingi kwa kiasi kidogo. Chumvi ya mezani haina hizo, halafu imetiwa madini joto. Agiza chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya matumbawe na uitunze kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, kwa sababu unyevu wa kando ya ziwa huigandisha ikawa jiwe.

Kuchanganya: maji kwanza, chumvi baadaye, pampu ikizunguka. Gramu 36 hadi 38 kwa lita ndiyo kawaida, lakini fuata kipimo, usifuate kijiko. Unatafuta chumvi ya sehemu 35 kwa elfu, yaani uzito linganishi wa karibu 1.026. Refraktomita, yaani kifaa cha kupimia chumvi, isahihishwe kwa myeyusho maalumu wa 35, si kwa maji matupu. Kifaa kinachosoma sifuri vizuri kinaweza kukosea kabisa kule juu unakokihitaji.

Je, nikileta maji halisi ya bahari kwa basi?

Unaweza, ila usiifanye kuwa mpango wa miaka. Viumbe wadogo wasioonekana walio ndani ya maji hayo hufa kwenye dumu lililofungwa na kupigwa jua njiani, wakifika wameoza. Kama ni lazima, yachotwe wakati maji yamejaa, mbali na midomo ya mito na mifereji, yakae gizani, na yapimwe kabla hayajaingia tangini. Gharama ya mzigo nayo uihesabu.

Mwanza ni jiji la mawe. Nitumie haya ya kwetu?

Granaiti yetu inapendeza machoni, lakini ni jiwe lililoziba. Jiwe la tangi la matumbawe linatakiwa liwe na vitundu vingi, maana humo ndani ndimo bakteria hukaa na kuvunja uchafu. Kipande kimoja cha granaiti kwa mapambo hakitadhuru kama hakina mishipa ya kutu. Jengo zima la granaiti ni tangi lisilo na figo. Tumia mawe makavu ya matumbawe ya kale, yale ya chokaa yanayochimbwa nchi kavu, uyaloweke na kupima fosfati ya maji yake kabla hujayaamini. Mchanga wa ziwani pia uache hukohuko. Chukua mchanga wa aragoniti, aina ya chokaa.

Ningoje muda gani kabla ya kuweka samaki?

Wiki nne hadi sita kwa kawaida, hadi bakteria wanaovunja uchafu waongezeke. Bakteria wa kwanza hubadilisha amonia kuwa nitriti, wa pili hubadilisha nitriti kuwa nitrati. Ukiweka chanzo kidogo cha amonia na siku iliyofuata amonia na nitriti zote zikasoma sifuri, tangi liko tayari kwa samaki mmoja. Mmoja. Baadaye utaona vumbi la kahawia juu ya mchanga. Hiyo ni diatomu, aina ya mwani mdogo sana, itapita yenyewe.

Tununue hita au feni?

Vyote viwili. Watu wa pwani huhangaika na joto tu. Huku kwetu usiku wa Juni na Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 16 au 17, na mchana wa Septemba ukakaribia 30. Tumbawe halitishwi sana na 25 au 27. Linatishwa na kupanda na kushuka nyuzi tano ndani ya siku moja. Lenga 25 hadi 26. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili tatu kwa kuyafanya yavukize, jambo linalotuleta kwenye kosa linaloua matangi mengi kimyakimya, nalo ninalieleza hapa chini.

Kuhusu hita: ni kifaa kinachoharibika kwa kugoma kuzima. Weka kidhibiti joto cha pembeni, na ibadilishe kila baada ya miaka miwili au mitatu hata kama bado inawaka. Joto likizidi, tumbawe hufukuza vijimwani vinavyoishi ndani yake na kulilisha, linabaki jeupe. Hayo yalitokea baharini mwaka 1998, pale joto lililoandamana na El Niño lilipoua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, pwani ya Tanzania ikiwemo.

Maji yakipungua naongeza maji ya chumvi?

Hapana! Yanayopaa ni maji, chumvi hubaki. Tangi la lita 80 likipoteza lita tatu, chumvi imetoka 35 imefika 36.4. Ukijazia kwa maji ya chumvi, unaongeza chumvi juu ya chumvi. Jazia kwa maji ya RO matupu, kila siku, kwa wakati uleule. Bora zaidi, nunua kifaa cha kujazia chenyewe kinachofanya kazi kwa boya. Kama bajeti yako inaruhusu kifaa kimoja tu cha anasa, kiwe hicho, kabla hata ya taa ya bei mbaya.

Mwinuko wa Mwanza una athari yoyote?

Una athari kidogo, na wengi hawaifikirii. Ziwa liko takribani mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 12 au 13. Maji ya chumvi ya nyuzi 26 pwani yanaweza kushika miligramu 6.6 hivi za oksijeni kwa lita. Hapa ni kama 5.8. Samaki wataishi vizuri, ila akiba yako ni ndogo. Hivyo usirundike samaki, na hakikisha uso wa maji unatibuliwa muda wote.

Umeme ukikatika usiku?

Taa si hoja. Matumbawe hukaa gizani siku moja bila shida. Oksijeni ndiyo hoja. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika ni ya bei nafuu na inaokoa tangi zima. Kwa kukatika kwa saa nyingi, betri ya volti 12 na inveta ndogo ziendeshe pampu moja ya mzunguko tu, si hita. Mwanza hatuna udhuru katika hili: wavuvi wa dagaa wameacha karabai wakahamia taa za betri na sola, kwa hiyo betri, chaja na mafundi wake wamejaa mjini.

Wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi: ni shida?

Ni shida kwa tangi lisilofunikwa. Hufuata mwanga, na taa yako ya buluu ndiyo inayong'aa kuliko zote mtaani. Wakianguka mamia ndani ya maji samaki watashangilia, lakini wanaobaki huoza na kuongeza fosfati. Funika kwa wavu laini, ambao pia utazuia samaki kuruka nje.

Hatari kubwa zaidi iko kwa dawa. Dawa ya mbu ya kopo, na hata koili, vina viuadudu, na uduvi na kaa ni ndugu wa karibu wa wadudu. Wapulizaji wa dawa ukoko wakifika kwenu usiwazuie, malaria si mchezo. Funika tangi kwa nailoni, zima pampu ya hewa inayovuta hewa ya chumbani, acha pampu za majini ziendelee, kisha fungua madirisha muda mrefu kabla ya kufunua. Mweleze na dada wa nyumbani. Mara nyingi yeye ndiye mwenye kopo mkononi.

Nipime nini, na nibadilishe maji mara ngapi?

Asilimia 10 kila wiki inatosha kwa tangi dogo. Kwa lita 100 ni nusu ya dumu la lita 20, kazi ya nusu saa. Namba za kulenga: alkali 8 dKH hivi (dKH ni kipimo cha alkali), na kwa miligramu kwa lita, kalsiamu 400 hadi 450, magnesiamu karibu 1,300, nitrati 2 hadi 10, fosfati chini ya 0.1. Alkali ndiyo ya kupima kila wiki kwa sababu inashuka ya kwanza. Tangi lenye 7.5 isiyoyumba litalishinda lenye 8 leo, 10 kesho na 7 keshokutwa.

Matumbawe magumu yakikua, kubadilisha maji peke yake hakutatosha. Njia ya bei nafuu ni maji ya chokaa: gramu moja na nusu hivi ya hidroksidi ya kalsiamu safi kwa lita ya maji ya RO, yakidondoka polepole usiku mahali pa maji ya kujazia. Chokaa ya kupaka kuta isitumike. Na isimiminwe kwa kikombe, kwa sababu pH yake inafika 12.

Tangi langu lilikuwa zuri miaka mitatu, sasa linadhoofika na sijabadilisha kitu. Kwa nini?

Hujabadilisha kitu, lakini tangi limebadilika. Mwaka wa kwanza unapambana na ujinga wako, na hilo kila mtu analitegemea. Miaka ya katikati ndiyo migumu, kwa sababu mambo yanaharibika taratibu kuliko jicho linavyoweza kuona.

Anza na mawe. Yamekuwa yakinyonya fosfati miaka yote. Yakishiba huanza kuitoa. Utapima maji uone fosfati haipungui hata ukipunguza chakula. Dawa yake ni subira: kichujio cha fosfati kwa kiasi kidogo kidogo, maana ukiiondoa yote ghafla matumbawe hupauka. Nyuma ya mawe na ndani ya mchanga kuna tope la vinyesi. Linyonye kwa mpira, eneo moja kila wiki. Atakayechimbua mchanga wote Jumamosi moja asishangae akiamka Jumapili na samaki wamelala ubavu.

Kisha vifaa. Pampu iliyoota chokaa inasukuma nusu ya nguvu yake. Iloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji mara mbili tatu kwa mwaka. Taa za LED hufifia, na vioo vyake hujaa chumvi. Vitendanishi vya vipimo vina tarehe ya mwisho, na kipimo kilichokwisha muda kinakudanganya kwa sauti ya upole.

Halafu matumbawe yenyewe yamekua. Kijiti ulichokinunua kikiwa na ukubwa wa kidole sasa kinazuia mkondo wa maji na kuweka kivuli. Na yanapigana. Euphyllia, aina ya matumbawe magumu, hurefusha minyiri ya kuchoma usiku, sentimita 15 au zaidi, na matumbawe laini kama Sarcophyton humwaga kemikali majini. Tenganisha, tumia kaboni amilifu ya akwariamu (mkaa wa jikoni hapana), na kata. Kukata ni sehemu ya ufugaji: kipande kinagundishwa kwenye jiwe dogo na kupewa mwenzako. Kwa Mwanza hii ndiyo bima bora kuliko zote. Tangi lako likianguka, aina ileile iko Nyegezi kwa mtu unayemfahamu, na hulazimiki kuagiza upya.

Mwisho tazama kona za kioo. Silikoni iliyoanza kubanduka au kubadilika rangi isingoje sikukuu.

Nianze na viumbe gani?

Matumbawe: Discosoma, Zoanthus, Sarcophyton. Acropora iache hadi namba zako zitulie mwaka mzima. Samaki: klaunifishi wawili na mmoja mdogo wa chini anayechimba mchanga, basi. Klaunifishi wote huzaliwa dume. Mkubwa katika wawili hugeuka jike, hivyo nunua wawili wenye ukubwa tofauti uwaache wapange ndoa yao. Kwa matunzo mazuri wanaweza kupita miaka 20. Fikiria hilo kabla ya kumnunulia mtoto zawadi ya kufaulu darasa la saba.

Nimesikia Zoanthus zina sumu. Ni kweli?

Ni kweli, na hasa ndugu zake Palythoa. Zinaweza kuwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana. Vaa glavu na miwani unapozikata, zikate zikiwa ndani ya maji, na usishike ukiwa na kidonda. Usichemshe jiwe lenye Zoanthus kwa lengo la kulisafisha: mvuke wake umewalaza watu hospitalini.

Samaki akiugua niweke dawa tangini?

Usiweke. Dawa nyingi zina shaba, na shaba huua matumbawe, uduvi na konokono. Mtibu kwenye ndoo ya pembeni yenye hita na pampu ya hewa.

Kuna suala la kisheria?

Lipo. Matumbawe magumu yote yako katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Hifadhi za bahari kama ile ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, si mahali pa kuokotea. Usimtume binamu akuvunjie kipande. Uliza ofisi ya uvuvi kuhusu vibali kabla ya kulipa, na penda vipande vilivyokuzwa kwenye matangi.

Si bora nifuge furu tu?

Kama roho yako haipo kwenye matumbawe, ndiyo, na sitakucheka. Furu ni samaki wa kwetu, wana rangi, na mahitaji ya maji yao ni mepesi. Ziwa lilikuwa na aina zipatazo 500 kabla ya sangara, aliyeingizwa miaka ya 1950, kuzimaliza nyingi kufikia miaka ya 1980, na Ghuba ya Mwanza ilishuhudia hayo. Jambo moja tu: usichanganye aina, wanazaliana. Na samaki wa dukani asirudishwe ziwani hata akikuchosha.

Nasafiri wiki mbili. Nani alishe?

Mtu asiyependa samaki. Anayewapenda atawalisha kila wakimtazama. Funga chakula kwenye vikaratasi, kimoja kwa siku mbili, vilivyosalia vifiche. Jaza pipa la maji ya RO, weka alama kwa kalamu kwenye kioo kuonyesha maji yanapotakiwa kufika, bandika namba ya simu ya mfugaji mwenzako juu ya tangi, na mwonyeshe swichi moja tu ambayo hatakiwi kuigusa.